Mgawanyo wa Mawimbi na Haki ya Aliye Mbali

Katika mali zote za umma ambazo serikali hukabidhiwa izisimamie kwa niaba ya raia, ikiwa ni ardhi au misitu, madini au maji, hakuna inayojadiliwa kwa nadra barazani na magazetini kama masafa ya redio, ilhali haipiti saa moja ya mchana pasipo mamilioni ya watu kuyatumia: muuza samaki apokeaye malipo yake kwa simu, mwanafunzi afuataye somo katika kioo kidogo, tabibu wa wilayani apelekaye picha ya mgonjwa kwa bingwa wa hospitali ya rufaa. Ardhi ikigawanywa kwa dhulma, aliyedhulumiwa huuona mpaka mahali ulipohamishwa, akawaita wazee wakaukagua. Lakini masafa yakigawanywa kwa upendeleo, aliyepunjwa huona duara tu likizunguka juu ya kioo cha simu yake, akasema mtandao unasumbua leo, akaiweka simu chini na kungoja usiku wa manane. Hajui kwamba katika muda ule ule aliokuwa akingoja, programu iliyomo ndani ya mnara imekwisha kupitisha hukumu maelfu ya mara, kila mara ikiamua nani apewe na nani asubiri, kwa kufuata kanuni ambayo mtu fulani aliichagua na ambayo raia hakuulizwa rai yake.

Nataka kutetea katika makala haya jambo moja: ya kuwa kanuni ya kugawana masafa baina ya watumiaji wa mnara mmoja ni mas'ala ya haki kabla ya kuwa mas'ala ya ufundi, kwamba haki hiyo yapasa ipimwe kwa hali ya wale wapatao kidogo kuliko wote, na kwamba kipimo hicho kiandikwe katika leseni ya kila kampuni ipewayo masafa yetu.

Masafa hayamalizwi kwa kutumiwa, maana wimbi likipita halipunguzi chochote angani. Walakini hayatoshi, kwa sababu watu wawili wakirusha mawimbi katika masafa yale yale, mahali pale pale na wakati ule ule, kila mmoja humharibia mwenziwe. Ndiyo maana Katiba ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ambalo asili yake ni muungano wa simu za maandishi ulioasisiwa Paris mwaka 1865, inayahesabu masafa katika kifungu chake cha 44 kuwa ni maliasili yenye ukomo, na kuzitaka nchi wanachama ziyatumie kwa busara, kwa ufanisi na pasipo israfu, ili kila nchi iyafikie kwa insafu. Maneno hayo ni mazuri, lakini yanahusu dola na dola. Baina ya raia na raia walio chini ya mnara mmoja, kifungu hicho kimenyamaza, na ukimya huo ndio ulioziachia programu za mashine kazi ya ukadhi.

Kwamba kugawana kunahitaji kaida, na kwamba uhuru usio na kaida huwapunja wote, ni jambo lililothibitishwa mapema. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walifungua mtandao wa redio walioupa jina la ALOHA, uliounganisha vituo vya visiwa mbalimbali na kompyuta iliyokuwa Honolulu. Kila kituo kiliruhusiwa kurusha ujumbe wakati wowote kipendapo, na ujumbe ukigongana na mwingine, basi kila mmoja hurudia baada ya kungoja kitambo cha kubahatisha. Hesabu ilionyesha kuwa uhuru huo kamili hauwezi kupitisha salama zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wa njia. Muda uliobaki hupotea ama kwa ukimya ama kwa migongano. Na vituo vikilazimishwa kuanza kurusha katika nukta za wakati zilizopangwa tu, pasipo kubadilishwa jambo jingine lolote, kiwango hicho hupanda hadi karibu asilimia 37. Sharti dogo moja, ambalo halimnyimi mtu zamu yake, huzidisha mali ya wote mara mbili.

Hata hivyo, si kila kaida yenye sura ya usawa huzaa usawa, na ushahidi wa jambo hili umo majumbani na mahotelini mwetu, katika ruta za Wi-Fi. Taratibu ya asili ya Wi-Fi ni kumpa kila mmoja nafasi sawa ya kurusha furushi moja la data, kisha ampishe mwenziwe. Mfano wake ni bomba la mtaani ambapo kila mtu hujaza chombo kimoja kwa zamu: mwenye ndoo ya mdomo mpana hulifungua bomba lote na kujaza upesi, mwenye dumu la mdomo mwembamba hulifungua nusu na kukaa pale mpaka foleni ikalalama, na ijapokuwa jioni kila mmoja ameondoka na idadi sawa ya vyombo, bomba limeshughulishwa karibu mchana kutwa na dumu moja. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake watatu wa Grenoble, Ufaransa, walichapisha utafiti ulioeleza tabia hiyo katika mitandao ya Wi-Fi ya wakati ule, iliyoweza kufikia megabiti 11 kwa sekunde. Furushi la baiti 1,500 likirushwa kwa kasi hiyo huchukua muda uzidio kidogo milisekunde moja. Likirushwa na aliye mbali, ambaye kasi yake imeshuka hadi megabiti 1, huchukua milisekunde 12. Wakipokezana furushi kwa furushi, aliye karibu hungoja milisekunde 12 ili atumie moja, na mwisho wake wote wawili hupata chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Aliye mbali hakufaidika kwa hasara ya aliye karibu, wamefukarika pamoja.

Dawa yake ilikuwa kubadilisha kitu kinachohesabiwa. Badala ya kuhesabu mafurushi, hesabu muda: kila mtu apewe muda sawa wa kutumia njia, na katika muda huo apitishe awezacho. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Karlstad cha Uswidi na wenzao walionyesha namna ya kulitia jambo hilo ndani ya Linux, na tangu hapo ruta nyingi zitumiazo programu hiyo zimekuwa zikigawa muda. Msomaji akipima vyema ataona kwamba hapa palitokea mabadiliko ya fikra kabla ya mabadiliko ya programu: kwanza iliamuliwa nini kinastahili kuwa sawa, ndipo mashine ikaamrishwa.

Minara ya simu, kwa upande wake, haiwaachii watu wapishane wenyewe. Katika mtandao wa 4G mnara ndio hakimu, na kila mwenye simu hungoja amri yake. Chaneli ya megahezi 20, baada ya kuachwa kingo zake, hukatwa vipande 100 vya kilohezi 180 kila kimoja, na katika kila milisekunde vipande hivyo hugawiwa upya, huku simu zote zikiripoti mara kwa mara zinausikia mnara kwa nguvu gani. Hapo ndipo swali la haki linapokuwa dhahiri shahiri, nami nitalionyesha kwa hesabu ndogo ambayo kila msomaji anaweza kuifuata kwa kalamu.

Tuseme mnara mmoja una watu wawili tu: mwenye duka aliye chini yake, ambaye akiachiwa mnara peke yake hupata megabiti 20 kwa sekunde, na mkunga wa zahanati iliyo nyuma ya kilima, ambaye akiachiwa peke yake hupata megabiti 2. Kanuni ya kwanza husema, apewe yule awezaye kupitisha kingi zaidi: mwenye duka hupata 20, mkunga hapati kitu, na jumla ya kazi ya mnara ni 20, kubwa kuliko nyingine zote. Kanuni ya pili husema, ainuliwe wa chini mpaka walingane: ili hayo yawe, mkunga hana budi kupewa muda mara kumi ya muda wa mwenziwe, kila mmoja akaishia na megabiti 1.8, na jumla ikaporomoka hadi 3.6. Kanuni ya tatu husema, wapewe muda nusu kwa nusu: mwenye duka hupata 10, mkunga 1, na jumla ni 11.

Kanuni ya kwanza ni dhulma iliyovaa joho la ufanisi, na hapana haja ya kuijadili zaidi. Ya pili yapendeza masikioni, maana ndiyo iliyo karibu na yale tuyaitayo usawa katika hotuba. Lakini itazame kwa makini, uone kwamba ili mkunga aongezewe megabiti 0.8, mwenye duka amenyang'anywa 8.2, na mnara umefanya chini ya theluthi ya kazi iliyofanyika katika kanuni ya tatu. Wakiongezeka watu mia walio karibu na wakaongezeka watano walio nyuma ya kilima, hao watano peke yao wataumeza karibu theluthi ya muda wa wote. Kwa hiyo wahandisi waliegemea kanuni ya tatu, na msingi wake wa hisabati uliwekwa na Frank Kelly wa Chuo Kikuu cha Cambridge katika maandishi yake ya mwaka 1997 na 1998. Hoja yake ni kwamba mgao ni wa insafu iwapo hapana mgao mwingine ambao, tukijumlisha faida na hasara za watu wote kwa asilimia ya kile walichokuwa nacho, faida itaizidi hasara. Rudi katika mfano wetu: kumpandisha mkunga kutoka 1 hadi 1.82 ni nyongeza ya asilimia 82, na kumshusha mwenye duka kutoka 10 hadi 1.82 ni hasara ya asilimia 82 ile ile. Kumpa mwenye duka vyote ni nyongeza ya asilimia 100 kwake na hasara ya asilimia 100 kwa mkunga. Hakuna mabadiliko yanayoleta faida iliyo kubwa kuliko madhara yake.

Kanuni hii ina nasaba ya kale kidogo kuliko simu za mkononi. Mwaka 1950 John Nash aliandika juu ya watu wawili wanaojadiliana namna ya kugawana faida, akaonyesha kuwa mapatano yanayokidhi masharti machache ya busara ni yale ambayo, ukizidisha faida ya mmoja kwa faida ya mwingine, jawabu huwa kubwa kuliko la mapatano mengine yoyote. Katika mfano wetu, 20 mara 0 ni sifuri, 1.8 mara 1.8 ni zaidi ya 3 kidogo. 10 mara 1 ni 10. Kuzidisha kuna hekima ambayo kujumlisha hakuna: mmoja akinyimwa kabisa, jawabu lote huwa sifuri, hata kama mwenziwe ameneemeshwa kiasi gani.

Wahandisi wa simu za kizazi cha tatu waliiongezea kanuni hiyo hila iliyo njema. Nguvu ya wimbi haitulii. Hupanda na kushuka kwa kadiri mtu anavyotembea, gari linavyopita, na mawimbi yaliyogonga kuta yanavyokutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Programu ya mnara hailinganishi hali ya mkunga na hali ya mwenye duka, kwani hapo mkunga asingeshinda asilani. Humlinganisha kila mmoja na wastani wake mwenyewe wa siku za karibuni, ambazo kwa mashine ni kitambo kifupi mno, ikampa zamu yule ambaye wakati huo hali yake ni njema kuliko ilivyo kawaida kwake. Hivyo mkunga huhudumiwa katika dakika zake za neema, na mwenye duka katika zake, na wote wawili hupata zaidi ya ambayo wangepata kwa zamu za kupokezana kipofu.

Basi kama kanuni ni njema, lalamiko liko wapi? Liko hapa, kwamba kanuni hii huipokea hali ya kila mtu kama ilivyomkuta, ikahukumu kwa insafu juu ya msingi ambao haukuuliza umewekwa na nani. Megabiti 2 za mkunga hazikuandikwa mbinguni. Zilitokana na kampuni kuchagua kilima kipi cha kusimamisha mnara. Zilitokana na masafa gani yaliyofungwa katika mnara huo, kwa sababu mawimbi ya megahezi 700 hufika mbali na hupenya kuta kuliko ya megahezi 2600. Zilitokana pia na upana wa njia iletayo intaneti hadi mnarani, ambayo ikiwa nyembamba hakuna kanuni ya ugawaji iwezayo kuinenepesha. Mtu akikaa mahali palipopunjwa katika mambo hayo matatu, halafu akapimiwa nusu kamili ya muda, hawezi kusema amedhulumiwa na programu, wala hawezi kusema ametendewa haki. Nusu ya kidogo ni kidogo zaidi.

Na masafa hayo yafikayo mbali yana historia ambayo raia wa Afrika Mashariki anayo haki ya kuikumbusha. Kwa muda mrefu yalikuwa mikononi mwa televisheni za analojia. Makubaliano yaliyofanyika Geneva mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kuzilinda televisheni hizo barani kwetu na Ulaya, na mwaka 2012 mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika mji huo huo ukafungua njia ya megahezi 700 kutumiwa na simu katika eneo letu. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikakamilisha zoezi lake mwaka 2015. Lakini nani aliyegharimia kuhama huko? Kwa sehemu kubwa ni mwananchi, aliyetoka akanunua king'amuzi kwa fedha zake ili aendelee kuona taarifa ya habari aliyokuwa akiiona bure jana yake. Fukara na tajiri walilipa bei ile ile dukani. Masafa yaliyoachwa wazi kwa gharama hiyo yakauzwa au kugawiwa kwa makampuni. Na maadam sifa yake kubwa ni kufika mbali, ni haki yaanze kwa kuwahudumia walio mbali.

Hilo si ndoto ya mwandishi. Ujerumani ilipoyapiga mnada masafa ya namna hiyo mwaka 2010, yale ya megahezi 800, iliyafunga kwa sharti la ngazi: makampuni yalitakiwa kuanza na vijiji na miji midogo isiyozidi wakazi 5,000 iliyokuwa haijafikiwa na intaneti ya kasi, na baada ya kufikia asilimia 90 ya wakazi wa maeneo hayo ndipo yaruhusiwe kupanda ngazi, hadi mwishowe miji mikubwa. Kawaida ya biashara ni kuanza mahali penye wateja wengi na kuahidi kwamba vijijini patafikiwa baadaye. Leseni moja iliyoandikwa kwa uangalifu iliipindua kawaida hiyo, na makampuni yakanunua hata hivyo.

Nakiri kwamba kwetu jitihada zimefanyika. Tanzania imekuwa na sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote tangu mwaka 2006, na Kenya inao mfuko wake wa namna hiyo. Ruzuku zake zimesimamisha minara katika kata ambazo hesabu za biashara peke yake zisingezifikia kamwe. Ila habari za mifuko hii aghalabu hutujia kwa idadi ya minara iliyojengwa na idadi ya wakazi waliofikiwa, na neno kufikiwa lina upana wa kutisha. Mwenye kuona mstari mmoja wa mtandao kwa kusimama juu ya kichuguu amefikiwa, na mwenye kuangalia filamu kitandani amefikiwa pia.

Makampuni yatajibu kwamba nayo hupimwa, na ni kweli: mamlaka za mawasiliano hupima ubora wa huduma na kutoa taarifa. Swali langu ni juu ya namna ya kupima. Chukua watu 100 wa eneo moja, 95 kati yao wakipata megabiti 20 kwa sekunde na watano wakipata megabiti 0.2, kasi ambayo hata picha ya jeraha huchelewa kuondoka nayo. Wastani wao ni megabiti 19, na atakayeutangaza hatakuwa amesema uongo. Na hao watano wakikata tamaa, wakazima simu zao na kuacha kujaribu, wastani wa waliobaki utapanda hadi 20. Yaani mtandao utaonekana umestawi siku ile ile walio dhaifu walipouhama. Hata kipimo maarufu cha usawa kilichotungwa mwaka 1984 na Raj Jain na wenzake wawili, ambacho humpa mgawaji alama kutoka karibu na sifuri hadi 1, kingeupa mgao wa watu wetu 100 alama 0.95. Kwa mtihani wa shule hiyo ni daraja la kwanza. Kwa wale watano ni kejeli.

Wenye ujuzi wanakijua kipimo kilicho bora, tena wamekwisha kukiafiki baina yao. ITU ilipoweka masharti ya 5G mwaka 2017, kasi inayompata mtumiaji haikuelezwa kwa wastani. Ilielezwa kwa ile kasi ambayo watumiaji 95 kati ya 100 huizidi, na watano wa mwisho tu ndio walio chini yake. Kwa mjini penye msongamano, kasi hiyo ya watu wa mwisho ilitakiwa iwe megabiti 100 kwa sekunde ya kupokea na 50 ya kutuma. Kwa hiyo mhandisi anapobuni mtandao humtazama wa mwisho, na mfanyabiashara anapoutangaza humtazama wa kwanza. Raia naye huonyeshwa tangazo.

Ipo hoja nyingine nayo ina uzito wake: kwamba alipaye zaidi ana haki ya kupata zaidi. Siipingi. Kanuni ya tatu yenyewe huruhusu kila mtu kupewa uzito, na mwenye kifurushi cha bei kubwa aweza kupewa uzito wa watu wawili wakati wa msongamano, mradi aambiwe, na yule wa bando la siku aambiwe pia kwamba yuko nyuma. Ninachokipinga ni uzito kufichwa, hata mtu akanunua bando lenye maandishi makubwa ya ukarimu, kisha kasi ikapunguzwa baada ya matumizi fulani kwa ibara iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Na wala tusidanganywe kwamba kumdhaminia mtu kiwango cha chini ni muhali kwa ufundi. Simu ya sauti ipitayo katika 4G hutengewa kiwango chake kilichodhaminiwa, kwa kuwa maneno yakikatika katikati hayana faida, na mtandao huo huo hauporomoki kwa sababu hiyo. Lipo hata jambo la kura: kila laini ya kawaida imepangiwa tarakimu moja kati ya 0 na 9 kwa kubahatisha, na siku ya maafa, mnara ukielemewa, kampuni yaweza kuzizuia tarakimu hizi kwa kitambo kisha zile, ili asiwepo afungiwaye moja kwa moja kwa sababu ya jina lake au bei ya kifurushi chake, huku madaraja ya 11 hadi 15 yakiachiwa vyombo vya usalama, huduma za dharura na kazi nyingine maalumu. Zamu, dhamana na kura zimo zote ndani ya mashine; kilichokosekana ni amri ya kuzitumia kwa manufaa ya mkunga wa zahanati katika data kama zinavyotumika katika sauti.

Basi yapasa leseni za masafa zitakapohuishwa, au masafa mapya yatakapopigwa mnada, pawekwe masharti matatu. La kwanza, kila kampuni itangaze, wilaya kwa wilaya na saa kwa saa, hasa saa mbili hadi saa nne za usiku ambapo watu wote wamo mtandaoni, ile kasi ambayo vipimo 95 kati ya 100 huizidi. Na mahali ambapo simu haikushika kabisa pahesabiwe kuwa sifuri, pasiondolewe katika hesabu. La pili, kampuni itangaze uzito wa kila kifurushi wakati wa msongamano, kwa maneno ya kueleweka na mnunuzi wa bando la shilingi mia tano. La tatu, masafa yafikayo mbali yatolewe kwa ahadi ya kasi ya chini kabisa kwa walio pembezoni, iliyowekewa tarehe, na atakayeshindwa ayarudishe ili apewe mwingine.

Watasema masharti haya yatapunguza bei ya masafa mnadani, na hazina ya serikali itapata kidogo. Yamkini itakuwa hivyo. Lakini fedha ilipwayo kwa masafa yasiyo na masharti haitoki katika mfuko wa kampuni tu. Hurejeshwa polepole kutoka kwa wateja, na hurejeshwa pia kwa minara isiyojengwa mahali ambapo faida ni ndogo. Serikali ikipokea pungufu siku ya mnada, na zahanati ya nyuma ya kilima ikapata megabiti zake kila usiku kwa miaka yote ya leseni, biashara hiyo si ya hasara kwa dola, na mbunge atakayesimama bungeni kuitetea hana haja ya ufasaha mwingi: aombe tu takwimu ya watu watano wa mwisho wa jimbo lake isomwe kwa sauti, kabla ya leseni kutiwa saini.